Siku Tuliyopasua Ukingo

Alhamisi, tarehe ishirini na tatu Februari. Jua lilichomoza likiwa kali tayari, upepo mkavu ukivuma kutoka upande wa mbuga, na juu hapakuwa na hata kiwingu cha kumdanganya mtu.

Mwaka siuandiki, kwa sababu nimewahi kubishana na watu juu ya mwaka huo nikashindwa. Ilikuwa miaka ya dhahabu. Mtu yeyote mwenye mikono miwili alikuwa Nyamongo, anachimba, anaponda mawe, au anawapikia wanaochimba na kuponda. Sisi wa kando ya Mto Mara, huku upande wa Kerende, tulibaki na ng'ombe wetu na Mkono wetu.

Mkono ni maji. Zamani mto ulipita pale, halafu ukajitafutia njia nyingine, ukaacha kipande chake nyuma. Kati ya kipande hicho na mto kulikuwa na ukingo wa mchanga na udongo, mrefu kuliko mtu, umeota matete juu yake. Kila masika mto ulijaa, ukaruka ukingo, ukaingia kwenye Mkono, ukausuuza na kuuachia samaki. Mvua ikikatika mto unashuka, ukingo unabaki, na maji ya Mkono yanakaa peke yake mpaka masika mengine. Ng'ombe walikuwa wanaingia taratibu mpaka magotini wanakunywa. Mtoni kwenyewe hawawezi. Kingo zimesimama kama ukuta na mamba wapo. Sisi wanawake tulichota huko mtoni maji ya kunywa kwa ngazi tulizochimba kwenye udongo kwa jembe, mmoja anashuka, mwingine anayatazama maji.

Mimi niliolewa na mwanamke. Kwetu Wakurya si jambo la kusimamisha watu njiani, lakini karatasi hufika mbali, kwa hiyo naeleza. Mama huyu alizaa binti mmoja tu, mume wake akafa, na boma lisilo na mtoto wa kiume linazimika. Basi akatoa ng'ombe wake, akaja kwetu Nyanungu, akanioa, ili watoto nitakaozaa wawe wa nyumba yake na wa jina la marehemu. Gulioni walikuwa wananitania, "Mke wa bibi, bwana wako hajambo?" Nami nilijibu, "Hajambo. Hanipigi wala hanywi." Na ilikuwa kweli. Sitasema kila aliyeolewa hivyo alipata nilichopata mimi. Wapo walioteswa, nawajua. Mimi nilipata mama, na ndivyo nilivyomwita, Mama.

Binti yake aliolewa ng'ambo ya mpaka, mahali penye chemchemi. Jua lilipozidi, binti alituma neno kwa wafanyabiashara wa Sirari: leteni ng'ombe huku, na Mama aje nao. Mama alikataa. Alikuwa ananiambia akikamua, bila kugeuka:

"Ng'ombe wakienda bila mimi, kabla mwezi haujaisha wameshakuwa wa mkwe."

"Basi nenda nao, Mama. Mvua ikinyesha unarudi."

"Mtu wa umri wangu harudi. Nitafia kule, wanizike kwenye boma la watu, kama mgeni aliyekuja kuomba chumvi." Halafu alinyoosha mkono wenye maziwa kuonyesha upande wa kushoto wa lango, palipokuwa na kaburi la mume wake. Pembeni ya kaburi aliacha nafasi, hakuruhusu hata mtoto apande boga pale. "Mkono ukiwa na maji, mimi siendi popote."

Kwa hiyo kila asubuhi nilipofungua mlango, nilitazama Mkono kabla ya kutazama kitu kingine. Sikuwa natazama maji. Nilikuwa natazama kama Mama anabaki.

Masika ya mwaka uliotangulia yalikuwa mafupi, mto haukufika hata nusu ya ukingo. Vuli haikuja kabisa. Kwa hiyo Mkono ulikuwa haujasuuzwa muda mrefu, na maji yakiachwa muda mrefu hivyo yanabadilika tabia. Kwanza yalirudi nyuma, yakaacha tope lililopasuka kama ukoko wa ugali. Ukingoni mwa tope ukatokea mstari mweupe, na watoto walipoulamba wakasema ni magadi. Kisha maji yakawa ya kijani, mazito, yenye joto kama ya kuogea. Alfajiri samaki walikuja juu wakaachama midomo, wengi, midomo mitupu, kama watu kanisani kabla wimbo haujaanza. Kiboko mmoja aliyenasa humo hakuweza tena kuzamisha mgongo. Ng'ombe waliinamisha vichwa, wakaonja, wakainua vichwa, wakatutazama sisi.

Siku hizi redio inasema ni mabadiliko ya tabianchi. Sisi tulisema ni jua. Sijui kama maneno haya mawili yanasema kitu kimoja, sikusoma kiasi hicho, nilifika darasa la tano.

Halafu wakaja waosha dhahabu. Vijito vya karibu na mashimo vilikuwa vimekauka, na udongo wa dhahabu hauoshwi kwa mate. Walikuja na viroba vya udongo juu ya punda na baiskeli, wakapanga makarai yao upande wa pili wa Mkono. Maji yakawa rangi ya uji. Watu wa kwetu walisema ndio waliotuulia maji kwa zebaki yao. Mimi sitasema hivyo. Zebaki niliiona mikononi mwao, hilo ni kweli, lakini maji yalikuwa yameanza kuharibika kabla hawajafika, na ng'ombe wetu walikojoa humo kila siku, na kiboko naye hakuwa malaika. Tena nao walikuwa na watoto. Mmoja wao, mama mmoja Mjaluo kutoka ng'ambo ya mpaka, aliosha udongo akiwa na mimba kubwa, akiimba nyimbo za kanisa, na alikuwa wa kwanza kumwamkia Mama kila asubuhi. "Shikamoo mama mzee!" Mama aliitikia "Marahaba" kwa sauti ya mtu aliyekasirika, lakini aliitikia.

Ugomvi ulipokaribia kuwa wa mapanga, mwenyekiti wa kitongoji aliwaita wote pale pale kwenye matete, wenye ng'ombe na wenye makarai.

"Mto uko nyuma ya ukingo huu," alisema. "Kila mwaka unaingia wenyewe. Mwaka huu umechoka. Tuufungulie mlango uingie."

Sikumbuki hata mtu mmoja aliyepinga. Nimejaribu sana kumkumbuka. Ilikuwa akili inayoonekana. Maisha yetu yote maji yalitoka mtoni kuja kwenye Mkono. Na watu wa kuchimba tulikuwa nao.

Mzee mmoja mwenye ng'ombe aliwatania, "Nyie mmezoea kuchimba bila kupata kitu. Leo chimbeni mpate."

Kijana wa mashimoni akajibu, "Mzee wangu, tukishika sururu sisi, maji yanatoka hata kwenye jiwe."

"Punguza maneno, mura. Tutaona maji, sio mdomo."

Ndipo Mama aliposema, na aliposema watu walimgeukia, maana walijua alivyowachukia hawa wa makarai. "Beberu wangu mweusi ni wenu. Mtu hachimbi na njaa."

Yule mama Mjaluo akacheka. "Mama mzee, sisi ndio tunakuchafulia maji, na bado unatupea nyama?"

"Kula kwanza. Nitakugombeza ukishashiba."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa asubuhi ya Alhamisi hiyo. Walichimba wakianzia upande wa Mkono, kwa sababu udongo wenye maji ni laini na wao ndivyo walivyozoea. Walikata mfereji, maji ya Mkono yakawafuata nyuma mpaka kiunoni, wakaendelea kusonga ndani ya ukingo, wengine wakitupa udongo juu kwa makoleo. Upande wa mto waliuacha mwisho, na matete yake, kama mlango. Sisi wanawake tulikaa upande wa ng'ombe, tunachoma nyama ya beberu. Kutoka pale mto hauonekani. Haujawahi kuonekana kutoka pale.

Lakini tulikuwa tunaujua. Hapa ndipo moyo wangu unapokwama kila ninapokumbuka, na simlaumu mtu zaidi ya mwingine. Miezi yote ile tulipokwenda kuchota maji mtoni tulikuta maji yameshuka, tukachimba ngazi nyingine chini ya ile ya mwisho. Halafu nyingine. Magoti yetu yaliujua urefu ule, tulipanda na ndoo kichwani tukisimama katikati kupumua, jambo ambalo zamani hatukufanya. Mto ulikuwa umeshuka chini kuliko Mkono. Kila mwanamke pale alikuwa na habari hiyo miguuni mwake, na hakuna hata mmoja aliyeipandisha kichwani. Wanaume walikuwa wanachimba, sisi tunageuza nyama.

Mchana jua likiwa katikati, tulisikia mlango wa mwisho ukianguka. Tulisikia kishindo, halafu kelele za wanaume kutoka ndani ya matete. Tukadhani ni za furaha. Maji yakatikisika, ngozi ya kijani ikapasuka, yakaanza kwenda. Baada ya miezi ya maji yaliyosimama kama macho ya mfu, tuliyaona yanakwenda! Mtu akapiga kigelegele. Nadhani ni mimi. Wengine wakapokea. Mama aliinua mikono yote miwili juu, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, hata siku watoto wetu walipozaliwa.

Karai la yule mama Mjaluo lilikuwa linaelea karibu na miguu yake. Likazunguka mara moja, likaanza kuondoka.

"Aa! Hii karai yangu inaenda wapi?"

Watu walicheka. Yule mzee wa matani akapaza sauti, "Limekuchoka! Linafuata wanaume shimoni!"

"Ngoja nilishike." Aliingia majini na mimba yake, akalifuata, likamkimbia. Akasimama. Akatazama karai, akatazama mfereji, akatutazama sisi. "Wuololo," alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Wamama, hii maji haiingii. Hii maji inatoka."

Vigelegele havikukatika mara moja. Vilikufa kimoja kimoja, kama watu wanaotoka msibani.

Walijaribu kuziba. Nataka hili liandikwe vizuri, kwa sababu baadaye yalisemwa mengi. Waosha dhahabu walikuwa wa kwanza kukimbia, wakabeba viroba vyao vya udongo ambao haujaoshwa, udongo wenye jasho lao ndani, wakavitupa kwenye mfereji. Vilichukuliwa kama matambara. Vijana waliingia wakashikana mikono wakaweka vifua. Mchanga ukaanguka chini ya miguu yao, mfereji ukajipanua wenyewe, na mmoja alibebwa mpaka mtoni, akatolewa na wenzake kwa mti kabla mamba hawajamwona. Wenye ng'ombe walitupa magogo, mawe, mlango wa zizi. Mwenyekiti alikuwa amekaa chini amejishika kichwa, na hakuna aliyemtukana. Tungemtukana nini? Sote tulikubali.

Kabla jua halijaelekea magharibi sana, Mkono ulikuwa tope. Kiboko aliinuka, akatembea katikati ya watu akielekea mtoni, watu wakampisha kama mtu mkubwa anayetoka kikaoni. Samaki walibaki wakirukaruka. Perege wadogo wengi, kambale, na kamongo waliojisukuma ndani ya tope kutafuta mahali pa kulala mpaka mvua, kama walivyofundishwa na wazee wao. Watu waliwafukua kwa mikono. Vikapu, ndoo, makarai, kanga, kila kitu kilijaa samaki. Waliolia saa ile walikuwa wanacheka sasa, wamepakaa tope mpaka usoni, wanagombania kambale. Nisiseme "walikuwa". Mimi nilikuwa nao. Nilikuwa na watoto nyumbani.

Mama hakuingia. Alisimama palepale alipoinua mikono, ng'ombe wake wakiwa nyuma yake. Ng'ombe mmoja aliingia kwenye tope akatafuta maji, akazama mpaka tumboni, vijana wakamtoa kwa kamba. Mama hakutazama hilo. Alikuwa anatazama mahali maji yalipokuwa, na nilipofika karibu na ndoo yangu ya samaki aliniuliza swali la kawaida kabisa.

"Yule mama wa karai amekula nyama?"

"Amekula, Mama."

"Na kwa mimba ile hajaanguka?"

"Hajaanguka."

"Vizuri." Akageuza ng'ombe kwa fimbo. Tulitembea mpaka nyumbani, na njiani nilisema maneno mengi. Nilisema tutachota mtoni kwa ndoo, mimi na watoto, tuwanyweshe ng'ombe mmoja mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mtoto anayeeleza ndoto.

"Utaliwa na mamba," alisema. "Na watoto nitamwachia nani?"

"Basi tuuze ng'ombe."

"Kwa nani, na mifupa hii? Na hawa ndio boma, mwanangu. Ng'ombe hawa wakiisha, watoto hawa wataoa kwa mali gani? Nilikuoa ili boma lisife. Siwezi kukaa hapa nikatazama linakufa kwa sababu mimi nataka kaburi."

Nilimwambia, "Twende wote."

"Nani atawasha moto hapa? Mji usiofuka moshi hauna mwenyewe."

Mpaka leo ninalitafuta jibu la hilo. Wakati mwingine nadhani nimelipata nikiwa shambani, nasimama na jembe, halafu naona kwamba hata hilo angelikataa.

Aliondoka kesho yake alfajiri na ng'ombe, pamoja na wapwa wa marehemu mume wake waliomsindikiza mpaka mpakani. Alifika. Alinitumia neno kwamba chemchemi ni nzuri na ng'ombe wananenepa, ila maji hayana ladha. Masika yaliyofuata yalichelewa, yakaja kwa ghadhabu. Mvua ya kwanza ilileta maji meusi yenye harufu ya kinyesi cha viboko, na samaki waliobaki mtoni walielea matumbo juu kwa siku kadhaa. Halafu mto ukajaa, ukaruka, Mkono ukajaa mpaka kwenye matete kama zamani. Nilisimama nikautazama. Nilipanga kutuma neno: Mama, rudi, maji yapo. Mfanyabiashara niliyetaka kumtuma ndiye aliyeniletea habari. Mama alikuwa ameshazikwa, nyuma ya nyumba ya mkwe, karibu na migomba. Walimzika vizuri, watu wengi, na mchungaji alikuwepo. Siwezi kusema walimkosea.

Ng'ombe walirudi, karibu wote. Mkwe alikuwa mwaminifu kuliko Mama alivyomdhania, na ni haki niliandike hilo pia. Mkono haukai maji tena. Unajaa mto ukijaa, maji yanatoka mto ukishuka, kupitia mfereji ule ambao sasa ni mpana kama barabara. Ile nafasi pembeni ya kaburi bado ipo wazi. Watoto wamekuwa watu wazima, na bado hakuna anayepanda boga pale.

Lakini jioni ile ya Alhamisi alikuwa bado nyumbani. Kitongoji kizima kilinuka samaki. Mama hakuwahi kula samaki maisha yake yote. Wazee wa kwao waliwaita nyoka wa majini, na mimi nilipowapikia watoto nilitumia sufuria ya pembeni. Jioni hiyo nilimtengea bakuli lake la maziwa kama kawaida. Alilisogeza kwa watoto.

"Nipe kidogo hicho," alisema.

"Mama, ni samaki."

"Nimeona. Nimeishi nao jirani miaka yote. Nisiondoke bila kuwaonja."

Nilimtolea miiba kwa vidole vyangu, nikamwekea pembeni ya ugali. Alitafuna polepole, watoto wakimtazama mdomo wake. Mkubwa akamuuliza, "Bibi, tamu?"

"Tope," alisema. Halafu akanyoosha mkono tena kwenye bakuli la samaki.

Tulikula ugali wa muhogo na mtama, na perege wa Mkono waliochemshwa kwa chumvi tu, bila nyanya. Watoto walikunywa maziwa. Mchuzi ulibaki, na Mama akasema tuufunike, tutaumalizia asubuhi.